Fungu la Bibi Walburga

Ijumaa asubuhi Kreszenz wa nyumba ya ng'ambo alivuka barabara na aproni yake na viatu vyake vya mbao, akashuka ngazi za stoo ya chini bila hodi. Simu pekee ya upande ule wa Haslenweiler ilikuwa kwake, kwa hiyo habari mbaya zote zilipitia mdomoni mwake kwanza.

"Traudl, Egon amepiga simu," alisema. "Jumapili anakuja kula. Na anasema mama yake afungashiwe nguo."

Irmtraud, ambaye jirani na mama mkwe walimwita Traudl, alikuwa ameinama juu ya mtungi wa kabichi chachu, mikono mitupu hadi viwikoni, anaondoa utando mweupe uliokaa juu ya maji ya chumvi. Hakuinuka. Alisuuza kitambaa, akasuuza jiwe la kukandamizia, akavirudisha mahali pake ndipo akauliza.

"Nguo za kwenda wapi?"

"Makao ya wazee, mjini. Amepata chumba chenye dirisha. Nyumba ataiuza, kuna daktari anatafuta mahali pa kupumzika mwisho wa wiki." Kreszenz alijifuta pua. "Usinitazame hivyo. Mimi nimebeba tu."

"Na mimi je?"

"Wewe hakukutaja."

Hilo halikumshangaza Irmtraud. Tangu Egon aondoke na mwanamke wa duka la miwani, alikuwa hamtaji mkewe wa zamani kama ambavyo mtu hataji kiatu alichokiacha njiani. Mahakamani waliambiwa hakuna cha kugawana, maana tangu baba yake Egon afariki, nyumba na shamba na banda la nguruwe vilikuwa vya mama. Miaka yote ile ya kuamka kabla ya jogoo, kulisha, kukamua, kuosha soksi za mwanaume, ikawa ni hewa. Egon alichukua gari na redio. Irmtraud alibaki na mama mkwe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke na hakuna aliyejua angekwenda wapi. Shule aliiacha mapema, akatumwa kuosha sufuria kwenye nyumba ya wageni, na kutoka kwenye sufuria hizo aliingia moja kwa moja kwenye ndoa.

Watu walicheka mwanzoni. Mke aliyeachwa anaishi na mama wa aliyemwacha, wanalala ukuta kwa ukuta. Hawakujua wawili hao walikuwa wametoka mbali.

Irmtraud alipoletwa bibi harusi, Walburga, mama mkwe wake, alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Vuli ile ile alimpa ubao wa visu na rundo la vichwa vya kabichi, kila kimoja kikubwa kama kichwa cha ndama, akamwachia stoo. Irmtraud akakata nyuzi nyembamba, akatia chumvi, akaosha miguu hadi magotini na kuingia ndani ya pipa kukanyaga, kama ilivyokuwa desturi, mpaka maji ya kabichi yakampanda kati ya vidole. Yote alifanya sawasawa. Kosa lake lilikuwa wasiwasi. Kila siku alishuka, akafunua, akachungulia kama imechacha, akaonja, akafunika, na kesho tena. Kabichi haitaki kuchunguliwa. Kufika Krismasi pipa zima lilikuwa limelainika na kunuka kama kitambaa cha kudekia, na baba mkwe, mtu wa hasira za karibu, akagonga meza akiuliza nani ameharibu chakula cha baridi yote.

"Mimi," alisema Walburga, huku anamega mkate. "Nilipunja chumvi. Nimezeeka macho."

Wakati huo alikuwa bado anatia uzi kwenye sindano gizani. Irmtraud hakusahau kamwe. Mumewe alikuwapo pale mezani, alijua ukweli wote, na alikuwa anatafuna.

Basi Ijumaa ile Irmtraud alipanda juu na kumweleza mama mkwe maneno ya simu, yote, hata la daktari. Walburga alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na jiko la kuni, miguu juu ya tofali lenye joto.

"Jumapili?" alisema. "Basi pika nyingi. Egon akiwa na njaa hasikii."

"Nifungashe nguo, Mama?"

"Nipigie pasi gauni jeusi."

Irmtraud hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alipiga pasi gauni jeusi kwa mkono mzito. Gauni lile Walburga alilivaa kwenda kanisani, mazishini, na ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwanamke mzee akitaka kuhama, angevaa lipi jingine? Alijaribu kumlaumu, akashindwa. Ni mwanaye. Mama huwa anamfuata mwanaye hata akiwa mpumbavu, na Egon hakuwahi kuwa mpumbavu, ila alikuwa mwepesi tu, kama wanaume wengi wanaooshewa soksi.

Jumapili alianza kupika watu wakiwa bado kanisani. Nguruwe alikuwa amechinjwa wiki ile, kwa hiyo soseji za maini na za damu zilikuwa mbichi bado, zinaning'inia kwenye fito kama shanga za jitu. Aliyeyusha mafuta ya nguruwe kwenye chungu cha chuma, akakaanga kitunguu mpaka kikawa na rangi ya asali. Akachota kabichi kutoka mtungini, akaikamua kidogo tu kwa viganja. Hakuiosha. Kule mjini wanaiosha, wanamwaga uchachu wote kwenye sinki, halafu wanaulizana kwa nini haina ladha. Akaongeza tufaha lililokunwa, punje chache nyeusi za mti wa mreteni, jani kavu la kunukia, bilauri ya mvinyo wa matufaha. Katikati akazika kipande cha nyama ya tumbo iliyokaushwa kwa moshi, akafunika, akausogeza moto pembeni. Kuanzia hapo kazi ni ya chungu. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia hadi vyumba vya kulala.

Soseji huwa anaziweka mwisho, kwenye maji yanayotoa mvuke lakini hayachemki. Yakichemka, ngozi inapasuka na kilichomo kinamwagika. Kijiji kizima kilijua kwamba Irmtraud hajawahi kupasua soseji. Mchinjaji mwenyewe alipenda kumtania kuwa soseji zinamwogopa. Ila siku hiyo, alipokwisha kuzitumbukiza, alisikia gari likikata kona ya kanisa, na miguu ikampeleka dirishani. Akamwona Egon anashuka. Kofia mpya, boksi la keki mkononi, tumbo limepungua. Anaitazama nyumba kuanzia paa hadi msingi, taratibu, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

Aliporudi jikoni maji yalikuwa yanatokota, na soseji mbili za damu zilikuwa zimepasuka tumbo.

"Mama, nimezipasua," alisema. Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa kwa ajili ya soseji.

Walburga alijongea na fimbo yake, akachungulia ndani ya sufuria. "Hizo mpe mwanangu," alisema. "Hakuna kilichoharibika."

Wakakaa watatu. Egon alimwamkia mama yake kwa busu, Irmtraud kwa kutikisa kichwa. Irmtraud alipakua: kabichi kwanza, imelainika na kung'aa kwa mafuta, viazi vya kuponda ubavuni, kipande cha nyama ya moshi, soseji juu. Egon aliangalia sahani yake.

"Zangu zimepasuka."

"Kula," alisema mama yake. "Kitakachomwagika kitaangukia kwenye kiazi."

Akala. Alikula kama mtu aliyetoka vitani. Sahani ya kwanza aliimaliza bila kuinua kichwa, ya pili aliomba haradali, na alipokuwa anafuta mchuzi kwa mkate ndipo mabega yakashuka.

"Kule hupikiwi hii?" Walburga aliuliza.

"Anasema harufu inakaa kwenye mapazia."

"Ni kweli inakaa," alisema Irmtraud. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Egon tangu mahakamani.

Egon akaweka uma chini, akageuza kiti kidogo ili amtazame mama yake peke yake.

"Mama, nilichomwambia Kreszenz umekisikia. Ni chumba kizuri. Kuna joto la mabomba, hutabeba kuni. Kuna muuguzi. Chakula kinaletwa mlangoni."

"Chakula gani?"

"Cha kila aina. Kabichi chachu Alhamisi, niliuliza kwa ajili yako."

"Inatoka wapi?"

Egon aliinua mabega. "Kwenye makopo, nadhani. Mama, hilo si jambo."

"Miguu yako imekanyaga kabichi ya nyumba hii tangu una miaka minne," alisema Walburga. "Nilikuwa nakuosha mwenyewe kwa brashi, ulikuwa unalia kuwa inakutekenya. Na sasa si jambo."

"Nyumba ni kubwa kwako. Paa linataka kutengenezwa. Huyu daktari analipa vizuri, na pesa ni zako, zitakutunza. Unaweka sahihi tu, mengine nitayashughulikia."

Irmtraud alisimama akaanza kukusanya sahani. Hakutaka kuwapo. Alitaka kuwa stoo, gizani, mahali ambapo mtu anaweza kulia juu ya mtungi na chumvi isidhuru. Walburga akamshika aproni.

"Kaa."

"Mama, niache nioshe."

"Nimesema kaa, Traudl. Vyombo havina miguu."

Akakaa. Bibi kizee akaweka viganja viwili mezani, vimekunjamana na kupigwa madoa.

"Egon. Babu yako alipompa baba yako nyumba hii, aliomba nini?"

"Fungu lake. Kama wazee wote."

"Litaje."

Egon alipumua kwa pua. Kila mtoto wa milima ile alilijua fungu la mzee. Anayeachiwa nyumba anafungwa kumpa aliyemwachia, mpaka siku ya kufa, chumba chenye moto, kuni zilizopasuliwa, mayai, nusu ya nguruwe kila msimu wa baridi, na mtungi wa kabichi chachu uliojaa. Asiyetoa fungu hana nyumba. Egon alitaja yote kama mwanafunzi aliyebanwa na mwalimu.

"Vizuri," alisema Walburga. "Mimi nyumba sijampa mtu bado. Watu waliniambia toa, nikasema funguo hazijanichosha. Lakini fungu nimekuwa nalipata. Kuni, mayai, nguruwe, kabichi. Tangu ulipoondoka sijakosa hata kimoja. Unadhani aliyekuwa ananiletea ni malaika?"

Egon hakumtazama Irmtraud. "Mama, namshukuru. Lakini yeye si damu yako tena. Alikuwa mke wangu, na hayo yamekwisha."

"Damu yangu ndiyo hiyo iliyoniletea keki ya dukani na kuomba sahihi," alisema Walburga. "Damu ya kula nimeila sasa hivi, na hiyo aliitia utumboni huyu hapa."

Irmtraud alijiziba mdomo kwa kona ya aproni. Hakujua kama anacheka.

"Unataka kumpa nyumba?" Egon aliuliza, na sauti yake ikawa ya yule mtoto anayetekenywa. "Yeye? Nyumba ya baba?"

"Ya baba yako, aliyegonga meza. Nilikaa humu nikiwa naogopa mlango unapofunguka, miaka mingi tu, ulikuwa mdogo hukuona. Halafu akaja huyu, na nikapata mtu wa kuzungumza naye." Alisema bila kuinua sauti, kama anasoma hali ya hewa. "Kesho navaa gauni jeusi naenda kwa mwenyekiti kuandikisha. Wewe una duka la miwani. Huwezi kufa njaa."

Egon alisimama, akachukua kofia, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo. Mlangoni alisimama.

"Naweza kuja kula siku nyingine?"

Swali alimwelekezea mama yake, lakini Walburga alikuwa ameanza kuchokonoa meno na hakugeuka. Basi ikabaki kwa Irmtraud kujibu. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mchuzi kwenye tai.

"Nikichinja nitamwambia Kreszenz akupigie," alisema. "Utakula jikoni, na utaosha sahani yako."

Gari likaondoka. Irmtraud aliketi kwenye benchi karibu na mama mkwe. Aliinua kona ya aproni hadi machoni.

"Usinililie," alisema Walburga. "Hatujapatana bado. Nataka nusu ya nguruwe."

Irmtraud alijifuta macho. "Nusu? Huna meno, Mama. Robo."

"Nusu. Nitakayoshindwa nitamgawia Kreszenz anisifu kanisani."

"Robo, na masikio yote mawili."

"Na mkia."

"Na mkia. Mayai?"

"Mayai nitakula nikijisikia, usinihesabie kama mkopo. Lakini mtungi uwe umejaa mpaka shingoni, Traudl. Na usiwe unafunua kuchungulia."

"Mara moja tu nilifunua, na ni zamani."

"Mara moja? Kila siku, mpaka Krismasi. Nilikuwa nakusikia kwenye ngazi."

"Na hukuniambia."

"Ungeacha kushuka, ungeanza kulia chumbani. Kabichi ilikuwa nyingi, mkwe alikuwa mmoja," alisema bibi kizee. "Leta keki ya Egon tuone ina nini ndani."