Dada wa Maabara na Jozi Zake

Yule dada wa maabara, we acha tu! Picha za kromosomu, vile vijiuzi vya urithi ndani ya seli, anazikata kwa mkasi mdogo, anazipanga jozi jozi kama mama anayepanga soksi za wanawe, huku anazitania: "We mfupi, pacha wako yuko wapi?" Leo kajaribu rangi mpya ya kuzionyesha kwa damu yake mwenyewe, si yeye ndiye mzima wa kupigiwa mfano! Mara mkasi ukasimama. Kromosomu mbili zimebadilishana vipande, kasoro ileile inayoharibu mimba za wateja wake. Akatazama tena, akaisogeza picha karibu na taa.

"Dada, umeona jini?" mwenzake akauliza.

Dada mwenyewe mimba tatu zimemtoka, na zote alijilaumu kwa kupandisha ndoo za maji ngazini.

"Kumbe," akasema, "hazikuwa ndoo."