Nilivyomtunza mwimbaji bustanini

Naomba mnihukumu nyinyi: leo nimeondolewa na mlinzi mbele ya jukwaa, mimi mtu mzima wa Tanga.

Chanzo ni mume wangu. Ndiye aliyepanga wikiendi ya kubadilisha hewa hapa Joburg. Jana asubuhi kanipandisha mlima, nyasi zote nyeupe kwa barafu. Leo muziki wa laivu bustanini.

Kila nikitetemeka ananiambia, "Baridi unaitaka mwenyewe, mke wangu. Mimi wala siisikii." Blanketi nimelibeba mimi.

Basi dada wa jukwaani akaanza kuimba.

Eish! Jamani, ile sauti!

Sasa kwetu kwenye taarabu, mwimbaji akikukuna, unakaaje? Nikatoa noti ya randi ishirini, nikainuka, nikaenda mbele kwa madaha, noti juu, kiuno kinafuata.

Nilipofika ndipo nikaona niko peke yangu. Umati mzima umekaa kwenye nyasi, kimya, kama wako kwenye mtihani.

Mwimbaji noti kaipokea, lakini. Hilo niandikieni.

Mlinzi akanishika mkono kwa heshima. Mkongo. Kanga yangu ilishamwambia aongee lugha gani.

"Mama, huku bantu banasikilizaka tu. Uko na nani?"

Nikageuka kumtafuta mume wangu. Pale tulipokaa pana blanketi langu tu, limefunika mtu mpaka utosini.

"Niko na yule," nikamwonyesha. "Yule asiyesikia baridi."