Nilivyobandua tivii ya baba mkwe nikidhani ni nailoni ya dukani

Wakuu, salaam. Poleni na mahangaiko.

Hili limenipata mimi mwenyewe, huku kwetu Maniema. Sijaongeza chumvi. Ningeongeza, ningejipendelea.

Kazi yangu ni kubandika protekta za simu pale Salamabila. Wachimba dhahabu wanaangusha simu kila siku, kwa hiyo ugali sikosi. Tatizo, kazi hiyo ilinifanya nijione injinia wa kioo chochote duniani.

Nina mchumba, Zaina, wa Kasongo. Baba yake, Mzee Ramazani, ana duka la vitenge. Aliniita nyumbani anione kwanza, kabla sijatuma wazee wangu kuposa. Yaani usaili. Nikifeli, Zaina simpati.

Nikafika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikakaribishwa sebuleni. Timu ya taifa ilikuwa inacheza, nyumba imejaa.

Sasa mnawajua watu wetu. Tivii inazeeka na ile nailoni ya dukani iko juu yake. Nikaona plastiki kwenye kona ya tivii ya Mzee imefura na kuinuka kwa joto na unyevu. Nikafurahi kweli. Nafasi ya kuonyesha utaalamu hiyo hapo!

"Baba, hii nailo hamujaitoa mpaka leo? Inaharibu picha," nikasema kwa sauti ya profesa.

"Weye njo fundi," Mzee akajibu, yaani mimi ndiye fundi. "Toa."

Nikashika kona, nikavuta. Ikagoma. Protekta haigomagi hivyo, lakini mwenye kiburi haulizi. Nikavuta kwa mikono miwili mpaka ikatoka yote, kraaa!

Tivii ikawa nyeupe pee.

Mtangazaji anapiga kelele, mwanga unawaka, picha hakuna.

Baadaye nilisoma kwamba ile inaitwa polaraiza. Ni plastiki iliyovutwa na kuloweshwa iodini, ikafunikwa tabaka juu ya tabaka, na bado ni nyembamba kuliko ukucha. Inapitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Kuna moja nyuma ya kioo na moja mbele. Ya mbele ikitoka, picha ipo, ila macho hayaioni.

Basi nimesimama pale, gundi vidoleni. Zaina kajifunika uso na kitenge. Niliona aibu, wakuu, na niliamini nimeshampoteza.

Ndipo akaingia Saleh, mdogo wake Mzee, dereva wa pikipiki, na miwani yake nyeusi ya barabarani. Akaketi, akautazama ule weupe, mara akaruka juu.

"Goli! Mbona mumenyamaza? Hamuone goli?"

Tukadhani jua limemchanganya. Mzee akamvua miwani, akaivaa mwenyewe.

"Weee! Picha iko!"

Kumbe miwani ile nayo ina polaraiza. Kipindi cha pili tulikitazama kwa zamu, miwani moja kwa ukoo mzima. Na ukilaza kichwa begani, rangi zinapinduka: wachezaji wetu wanageuka weupe na nyasi zinakuwa za pinki. Bibi yake Zaina alipogundua hilo, akakataa kuirudisha.

Niliagiza polaraiza Bukavu, nikaibandika mwenyewe, vipovu vikabaki. Halafu nikatuma wazee.

Mzee aliwaambia: "Mutoto nawapa. Ila niko na sharti moja."

Wazee wangu wakaanza kuwaza mbuzi.

"Mukwe akikuja hapa kwangu, mikono aweke mufukoni."

Tumeoana. Tivii yetu mpya ina nailoni ya kweli kabisa, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka, kona inapepea kila feni ikiwashwa. Zaina amenikataza kuigusa, na mimi nakaa mbali nayo.

Nilichojifunza: usibandue usichokibandika.

Haya, waliowahi kuharibu kitu ukweni wajitokeze hapo chini, nisiwe peke yangu. Na mwenye mbinu ya kutoa vipovu aiandike, lakini amwelekeze Zaina, siyo mimi.