Chupa ya Mwaka wa Mvua: Kutoka Mbinga hadi Chanika

Kaka yangu Severin alinipigia simu Jumapili moja, nimetoka kanisani, sijavua hata viatu. "Wilhelmina," akasema, "nataka kuifungua ile chupa ya Lusia. Sitaifungua bila wewe kuwepo." Nikamwuliza mkewe anasemaje. "Njoo tu," akasema.

Ndugu zangu wa Mbinga mlioniuliza nilifuata nini Dar wakati kahawa inaanza kuiva, nilifuata chupa hiyo. Severin alifanya kazi miaka mingi kwenye baa ya hoteli moja ya ufukweni Kunduchi. Hoteli ilipopata wenyewe wapya, meneja aliyekuwa anaondoka aliwaita wafanyakazi stoo, kila mmoja achague kitu cha kumkumbukia. Wenzake walichukua mashuka na sufuria. Severin akachukua chupa ya poti, mvinyo mtamu, mzito, wa Ureno. Kuna poti inayotengenezwa kwa zabibu za mwaka mmoja tu, ikaandikwa mwaka wake, ikaachwa iive humo humo chupani. Meneja alimwambia hapo amekosea, mwaka ule hauna jina, na pale kwenye rafu palikuwa na miaka inayosifiwa dunia nzima. Severin akamjibu, "Huu ndio mwaka aliozaliwa binti yangu." Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino. Siku ile ya stoo Lusia alikuwa bado mdogo, hajaanza shule.

Alipojenga Chanika, Severin alichimba shimo kwenye sakafu ya stoo, akailaza chupa humo ndani ya maranda ya mbao ili joto lisiiharibu. Ingefunguliwa siku ya harusi ya Lusia. Harusi ikapangwa ifanyike Desemba. Masika ya mwaka huohuo figo zikamshinda Lusia, tukamzika.

Niliondoka Mbinga alfajiri. Makambako palikuwa na baridi ya kuuma masikio, nikanunua chai na kukishika kikombe kwa mikono miwili bila kuinywa. Kwenye miteremko ya Kitonga abiria walinyamaza wote, kama kawaida. Mara ya mwisho nilipopita njia ile nilikuwa nakwenda msibani, na sikumbuki nilichokiona dirishani. Safari hii niliona kila kitu: vitunguu vya Ruaha vimefungwa kwenye nyavu nyekundu, mibuyu, swala wa Mikumi wamesimama karibu kabisa na lami. Tulifika Mbezi giza limeshaingia, nikalala nyumba ya wageni jirani na stendi.

Asubuhi nilipitia Mwenge, kwa kuwa Severin alikuwa ameniomba nimchukue Daudi. Huyo ndiye aliyekuwa amuoe Lusia, Mmakonde wa Newala, mchongaji wa vinyago. Tangu mazishi hajakanyaga Chanika. Nilimkuta kibandani kwake anapiga msasa mgongo wa kinyago, vumbi jeusi la mpingo limemjaa mikononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako Severin ameniagiza niende na wewe."

Akaendelea kupiga msasa. "Mie pale siwezi, shangazi. Mama akiniangalia, naona anamtafuta Lusia nyuma yangu."

Hata mimi naangaliwa hivyo. Nikakaa kwenye gogo lake nikangoja. Baadaye aliinuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akabadilisha shati. Akafunga kibanda, akachukua begi langu.

Chanika tulifika saa za mchana, baada ya kubadilisha gari Gongo la Mboto. Nyumba mpya zimeongezeka, nyingine hazijapigwa bati, zimezungukwa na mihogo. Severin alitupokea barabarani. Amekonda. Alimshika Daudi bega, akalishikilia muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Wifi yangu Skola, Mama Lusia, alikuwa jikoni anachambua mchele. Alinikumbatia vizuri. Daudi alipomwamkia, alimwitikia bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akasema, ili sote tusikie, "Nyie fungueni. Mie siwezi kunywa harusi ya mtoto niliyemzika."

Severin alikuwa ameisimamisha chupa tangu jana ili mashapo yatue chini. Aliileta mezani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Kizibo kilikatika katikati. Akakitoa vipande vipande, jasho likimtoka. Halafu akaumimina mvinyo polepole kupitia kitambaa safi hadi kwenye jagi la kioo, akaacha mashapo yalipofika shingoni. Nilitegemea rangi nyeusi. Ulikuwa mwekundu uliofifia, pembeni umegeuka kuwa kama tofali lililochomwa.

"Utakuwa umeharibika?" Daudi aliuliza.

"Nusa," Severin akasema.

Nilinusa mimi kwanza. Nilipata harufu ya tende, na ya karanga zilizotoka sasa hivi kikaangoni, na chini yake kitu kama majani makavu. Nikaonja. Ulikuwa mtamu bila kuchosha, laini, unashuka taratibu na kuacha joto kifuani. Mimi si mnywaji, ndugu zangu, lakini nilifumba macho. Daudi alikunywa kidogo sana, akaishika glasi yake kwa vidole vile vyeusi, akaitikia kwa kichwa kama anayekubaliana na mtu.

"Kumbe yule meneja hakujua," nikasema.

"Alijua," Severin akajibu. "Miaka mikubwa ina nguvu, lakini inataka kungojwa sana. Ukiifungua mapema inakukwaruza. Halafu watu wanainunua, wanaiweka, wanauziana, wengine wanakufa hawajaionja. Miaka kama huu inawahi kuiva. Hakuna anayeitolea macho, kwa hiyo inanyweka. Mie pale baa niliipendaga hii kuliko ile ya wakubwa."

Akaiangalia glasi yake, ambayo alikuwa bado hajaigusa.

"Siku aliyomaliza chuo aliniambia, baba, tuifungue leo. Nikamwambia ngoja harusi. Ilikuwa imeshaiva, Wilhelmina. Nilijua imeshaiva. Na nikamwambia angoje."

Ndipo akalia. Msibani hakulia, alikuwa anapanga viti na kuhesabu sahani. Sasa alilia kwa sauti, na Daudi akainamisha kichwa mezani.

Mama Lusia alitoka jikoni. Nilidhani amekuja kumnyamazisha mumewe. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaivuta glasi ya Severin, akanywa. Akanywa tena.

"Mbona mtamu hivi?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya hasira. "Mbona mtamu hivi, na yeye hayupo?"

Tulikunywa, sote wanne, jua likiwa bado liko juu, mchele haujapikwa. Mama Lusia akaanza kusimulia jinsi uchungu ulivyomshika maji yamejaa hadi barazani, na mkunga alivyofika amebeba viatu mkononi. Daudi alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Alipoaga kurudi Mwenge, Mama Lusia alimsindikiza hadi njiani. Nilimsikia akimwambia, "Ukipata mchumba, umlete nimwone. Usinifiche." Daudi alimshika mikono yote miwili, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi niliagana nao nikarudi Mbezi kupanda basi. Jagi lilikuwa limebaki na mvinyo kidogo. Severin aliniambia mlangoni kwamba poti ya namna hiyo ikishafunguliwa haikai, siku mbili tatu inakufa. Mama Lusia alikuwa amelifunika jagi kwa sahani, na mumewe hakumkataza.

Njiani nilifikiria nitakalowaambia nyumbani. Nimejifunza kwamba kuna vitu vizuri tunaviwekea siku kubwa, na siku kubwa haijui kama tunaingoja. Lakini sikurudi nimefarijika, nisiwadanganye. Nilirudi na uzito uleule, ila sasa nilikuwa nimeubeba na wenzangu.

Tulipokuwa tunapita Mikumi, Severin alipiga simu.

"Skola ameumaliza," alisema. "Ule uliobaki. Amekaa chumbani kwa Lusia, dirisha wazi, peke yake. Nikamwuliza kama umechacha."

"Akasemaje?"

"Anasema bado mzuri."