Akina Li Tuliopanda Nao Gare

Niliondoka Tanga kwa sababu ya macho ya bibi yangu. Barua ya kaka ilisema ameanguka tena, safari hii juu ya mafiga, na kwamba lile jicho moja alilobaki nalo limeanza kufunga ukungu. Siku hizo nilikuwa mhudumu wa wodi, na hospitalini kwetu alikuwepo daktari wa macho kutoka China, Daktari Li, mtu mwembamba asiyejua kuharakisha. Muda wake wa kukaa nchini ulikuwa unakwisha mwezi uleule. Ilibaki safari moja ya milimani, siku mbili tu, kupima wagonjwa na kuteremka na wale wa kupasuliwa. Nikamwomba anichukue kama mkalimani. Kiswahili alikijua vizuri, lakini bibi yangu na Kiswahili hawakuwahi kupatana.

Alfajiri tulitoka mjini kwa Landrova. Mkonge ulipita dirishani mstari baada ya mstari, mpaka kope zikawa nzito. Dereva wetu hakupenda mazungumzo. Nilisinzia, nikaamka, mkonge ukawa bado unapita, nikasinzia tena.

Mombo tulikunywa chai ya rangi, kisha tukaanza kupanda. Mtu aliyezaliwa milimani hata akifumba macho anajua pale joto linapomwacha. Kabla ya Soni ukungu ulishuka barabarani, ukaingia garini na harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni, na maporomoko tukayasikia bila kuyaona. Nilijihisi naelea. Nikamuuliza daktari, ili nisilale, "Nyie akina Li ni watu gani huko kwenu?"

Alifikiri mpaka kona mbili zikapita. Ndipo akaanza kusimulia, kwa ile sauti yake ya taratibu, Kiswahili cha kitabuni kabisa. Kulikuwa na Li aliyekuwa mfalme, na watoto na wajukuu wake wakatawala vizazi na vizazi. Kulikuwa na Li mwingine, zamani zaidi, aliyeugawa mto mkubwa kwa mawe na vikapu vya mianzi hadi ukanywesha mashamba, na maji hayo yanapita hadi leo. Kulikuwa na Li mganga aliyezunguka milima akionja majani moja moja, akiyaandika. Na Li mshairi, mlevi kidogo, ambaye watu husema alizama akiukumbatia mwezi majini.

Niliwaona wote. Naapa niliwaona, wamejipanga ukingoni mwa barabara ndani ya ukungu, wanatupisha. Daktari aliendelea kusema kitu, kwamba akina Li ni wengi mno na hawajuani, lakini mimi nilikuwa nimeshasinzia. Kwetu Usambara jina moja ni ukoo mmoja. Sikuona cha kuuliza zaidi.

Saa tisa alasiri tulifika Gare. Bibi alikuwa ameketi kizingitini na rozari yake, chini ya ule mplamu ambao babu aliupata kwa mapadre ukiwa mche. Ulikuwa umechanua wote, mweupe tangu shina. Daktari alisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao ugenini. Alisema jina lake huandikwa kwa alama ya mti huo.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikapiga goti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda, nasikia kwenye sauti." Kisha akainua uso. "Mti huu mwaka huu umenigomea. Haukutoa hata ua."

Maua yalikuwa yamemwangukia mabegani. Nikajifanya natafuta mzigo.

Daktari alimpima kwa tochi, akaniambia jicho la kushoto limekufa, ila la kulia lina mtoto wa jicho, na huyo anatolewa. Akikosa sasa, hajui daktari mwingine atakuja lini. Gari lingeteremka kesho asubuhi. Nikamweleza bibi kwa Kishambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile swali ambalo mtu wa kwetu hukuuliza kabla hujamgusa hata kidole.

"Ni wa kina nani?"

Hapo nikapata nafasi yangu. Niliwaleta wote: mfalme, mgawa mto, mganga, mshairi. Babu zake daktari, nikasema, huyu ni damu ya kifalme! Maneno yalitoka matamu, na mfalme nilimkalisha mbele kabisa.

Bibi akauondoa mkono wake mkononi mwa daktari.

"Kumbe ni zumbe," akasema, yaani chifu. "Baba yangu alibebeshwa mizigo ya mazumbe mpaka bega likaota nundu. Serikali imewaondoa, wewe unanitolea mwingine Uchina. Mkono wa zumbe hauingii jichoni mwangu. Mpe chai aende."

Nilimjua bibi yangu. Akishasema mpe chai, basi.

"Umemwambia nini, Ndugu Helena?" daktari akauliza.

Nilikiri kila neno, nikitazama chini. Hakucheka wala hakukasirika.

"Mfalme yule simjui," akasema. "Hata mshairi simjui. Jina ni letu sote, lakini ukoo wangu mimi ni baba yangu. Alikuwa mpagazi wa chumvi hadi alipokufa. Mwambie hivyo, na usiongeze kitu."

Nilimwambia, na sikuongeza kitu. Daktari akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua vifungo viwili vya shati, akauchukua mkono wa bibi na kuuweka begani mwake, karibu na shingo.

Vidole vya bibi vilitembea pale muda mrefu. "Hapa pana ugumu. Ni wa mti," akasema.

"Mti wa mianzi," daktari akajibu, nami nikatafsiri. "Mzigo huku na huku. Nilimsaidia baba tangu nina miaka saba mpaka nilipofaulu kwenda shule."

"Bega moja tu?"

"Yote mawili. Hili likiuma unauhamishia huku, bila kusimama."

Bibi alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu babu alipofariki. "Bila kusimama! Baba alifanya hivyohivyo, ukisimama unachapwa." Akapapasa bega la pili, akaridhika. "Helena, niletee kanga yangu ya kusafiria."

Kesho yake asubuhi tuliteremka. Bibi alikaa mbele, katikati ya dereva na daktari, akiuliza kila kona tumefika wapi. Mimi nilikaa nyuma na aibu yangu. Niliuchungulia ukungu wa Soni; barabarani hapakuwa na mfalme yeyote, ila akina mama waliojitwika kabichi na viazi, wakipanda polepole.

Baada ya upasuaji, bandeji ilipofunguliwa, bibi hakumtazama daktari usoni. Alimwomba ageuke, akalitazama bega lake. Ndipo akasema, "Hongea, mwanangu," asante ya Kishambaa, na hapo daktari hakuhitaji mkalimani.

Daktari Li alirudi kwao. Mimi nilimrudisha bibi Gare. Maua yalikuwa yameshapukutika, vimebaki vitunda vya kijani vidogo, akasimama chini ya mplamu akivitazama mpaka shingo ikamuuma. Kisha tukaingia ndani. Kabla ya chakula bibi huwaombea marehemu wetu kwa majina, mmoja mmoja, nasi huitikia. Alianza na baba yake, akafuata mama yake, babu yangu, wanawe wawili. Nilidhani amemaliza, nikainua uso. Akaongeza, "Na Li, mpagazi wa chumvi."

Tukaitikia. Wa kwenye ukungu hakumtaja hata mmoja.