Mkasi wa Nyama

Lifti ilimtema ghorofa ya kumi na moja, begi la safari mkononi, usingizi wa ndege bado machoni. Dada yake alikuwa amempigia simu akiwa kwenye teksi, akamwambia asipitie nyumbani, aje moja kwa moja, na asile njiani. Ni mambo ya mpwa wake, alisema, na mjomba hakosekani.

Mjomba huyo alikuwa mkalimani. Miaka ishirini ya kusema maneno ya wengine ilikuwa imemkalisha kwenye meza za kila namna, kwa hiyo mkahawa huu wa Kikorea haukumbabaisha. Mlangoni msichana aliyevaa nyeusi tupu alimwomba avue viatu, akampa ndara za kitambaa kana kwamba anamvisha cheo. Viatu vyake akaviweka rafu ya chini, kando ya viatu vyeupe vya kisigino, vipya mno.

Ndani kulikuwa na giza la makusudi. Kuta hazikupigwa lipu. Kwingine fundi angefuatwa hadi kwake aje amalizie, lakini hapa huo ndio ulikuwa urembo. Watu waliketi juu ya mito kuzunguka meza fupi, wakijifanya magoti hayawaumi.

Dada yake aliketi wima, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mkasi, kwa sababu mkasi wake haukuruhusiwa kukata kitu ila kitambaa. Marehemu mumewe aliwahi kuufungulia pakiti ya sukari. Alinuniwa wiki nzima, na sukari yenyewe hakuionja.

Kando yake alikuwa binti yake, na mchumba wa binti, kijana aliyekubaliana na kila mtu. Kichwani pa meza aliketi mama wa kijana, meneja wa kampuni ya bima, ambaye alikuwa amechagua mahali, saa, na, kama ilivyokuja kuonekana, mazungumzo.

Alianza kwa kuusifu mkahawa. Tambi zilivutwa kwa mkono, vikombe vilifinyangwa kwa mkono, hata karatasi ya menyu ilitengenezwa kwa mkono. "Siku hizi vitu vya mkono ni adimu, mkwe," alimwambia Mkasi. Kisha akamwomba mjomba awasomee maandishi ya Kikorea yaliyoning'inia ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, kwani bila shaka ni hekima ya kale.

Mjomba aliyatambua. Huko Korea alikuwa ameyaona kwenye vibanda vya supu, yameandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha boksi.

"Yanasema maji ya kunywa, kila mtu ajichotee."

Kijana alicheka, akaona mama yake hacheki, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mhudumu akaja na nyama, akaitandaza juu ya jiko lililochimbiwa katikati ya meza. Ilipoiva kidogo akatoa mkasi mkubwa mfukoni mwa aproni, akaanza kuikata. Mkasi, yule mwenye jina, alishika kifua. Kaka yake akamnong'oneza kwamba Wakorea ndivyo wanavyofanya, wala si kosa. Hilo alilipokea. Alichoshindwa kupokea ni jinsi chuma kile kilivyokuwa kikiing'wafua nyama bila kuikata.

Wakati huo meneja alikuwa amefika alikokuwa akielekea. Kwa sauti laini alieleza kwamba ameshaongea na duka moja kubwa la magauni, na kwamba mama wa bibi harusi anastahili kupumzika. Gauni la harusi ambalo Mkasi alikuwa akimshonea binti yake lilikuwa limekwisha kushonwa. Miezi minne, shanga moja moja. Ulibaki upindo tu, unaopimwa kwa urefu wa kisigino, kwa kuwa viatu vya harusi vilikuwa vimenunuliwa juzi na meneja mwenyewe, na binti alikuwa akivivaa vilainike.

Mkasi aliunyoosha mkono, mhudumu akampa ule mkasi bila kujua kwa nini. Akautazama kiungio, akakaza skrubu kwa ncha ya ufunguo wa nyumba, akaikata nyama yote iliyobaki. Vipande vilitoka sawasawa kana kwamba vimepimwa kwa futi kamba.

"Fundi ni fundi," alisema meneja, akitabasamu. "Siku ya harusi tukikwama jikoni tutakuita."

Binti akainamisha uso. Mkasi aliuweka mkasi mezani, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Umesema vitu vya mkono ni adimu, mkwe. Mbona changu kinakuaibisha?"

Meneja alisema si aibu, ila watu watauliza gauni limetoka wapi.

"Waambie limetoka kwa mama yake." Kisha akamgeukia binti. "Mimi simshonei mtu kwa nguvu. Leo nalipiga upindo au nalifumua lote. Sema wewe."

Kijana alichunguza kikombe chake cha mkono. Nyama ikaanza kuungua. Binti alimtazama meneja, akatazama vipande vile vilivyolingana.

"Mama, viatu vyangu vyeupe viko rafu ya chini. Beba ukapimie upindo."

Meneja aliuliza, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kusahihisha hesabu, atarudi nyumbani amevaa nini.

"Ndara," alisema binti. "Si ndizo za heshima hapa?"

Mkasi alisimama, magoti yakalia, akaaga kila mtu kwa adabu kamili. Kaka yake alinyanyuka amsindikize, lakini Mkasi akamshika bega na kumkalisha, kwa maneno kwamba mtoto asiachwe peke yake mezani pa watu. Wakamwona mlangoni akiinama kwenye rafu, kisha akiingia kwenye lifti, viatu vyeupe mkononi, ameshaanza kupima visigino kwa shubiri.

Milango ya lifti ikajifunga. Meneja akainua kidole kumwita mhudumu alete maji. Mjomba akavuta jagi, akajimiminia mwenyewe, kama ukuta ulivyoagiza.