Jina Alilolikataa Lenah

Lenah Nasike alimwona samaki yule mara ya kwanza mwaka 2004, akiwa mtafiti msaidizi huko Watamu: kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kichwa rangi ya chungwa, kimejibana kwenye ufa wa tumbawe. Alimkamata, akaandika rangi zake upesi kabla hazijafifia ndani ya spiriti ya kumhifadhia. Mwezi haukuisha, baba yake akapatwa na kiharusi nyumbani Bungoma. Nduguze wakakaa kikao, wakaamua: Lenah hana mume, arudi amtunze mzee.

Akarudi. Wiki zikawa miaka ya kumgeuza baba, kumnywesha uji, kufua mashuka. Zaidi ya sokoni hakwenda popote, maana mzee akimkosa hulia kama mtoto.

Mwaka 2007 akapigiwa simu na Daktari Gladwell, mkubwa wake wa zamani. "Lenah, yule samaki ni spishi mpya! Tunahitaji wengine wa kulinganisha. Njoo mwezi mmoja tu."

Kesho yake akamwacha baba kwa jirani, akaenda Kitale kwa kaka yake, Hesbon.

"Nishikie Baba mwezi mmoja."

"Ati samaki?" Hesbon alicheka. "Dada, si wewe ndio huna watoto? Hii nyumba yangu imejaa. Samaki si wako hapo soko ya Bungoma, bana?"

Mke wa Hesbon akamletea chai. Lenah akainywa yote bila kushusha kikombe, ili wasimwone uso.

Alipompa Gladwell jibu kwamba hawezi kuja, daktari alisikitika, kisha akachangamka. "Basi tutamwita kwa jina lako. *Nasikeae*, ndivyo Kilatini kinavyomtaja mwanamke. Utakumbukwa milele."

"Hapana, Daktari. Mnanikumbuka kwani nimekufa? Niko hapa Bungoma. Zile rangi niliandika mimi. Niwekeni kati ya waandishi wa makala ya kumtangaza."

"Sijui kama wenzangu watakubali."

"Waulize."

Gladwell na wenzake walivutana miezi kadhaa, mwishowe wakakubali. Samaki akapewa jina la Kilatini lenye maana ya kichwa cha rangi ya chungwa, na jina la Lenah likachapwa la tatu kati ya waandishi. Alimsomea baba makala yote, hata mzee asipoelewa.

Mzee akajikakamua, mdomo umepinda. "Uta... enda?"

"Niende wapi, Baba?"

Mzee akakamata mkono wa gauni lake, asiuachie mpaka usingizi ulipomchukua.